Kalamu na godoro: majibu kuhusu mwanzo wa podikasti

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: zile sekunde za mwanzo za podikasti. Wengi wametuma na faili ya sauti, wakiuliza wanunue kipaza sauti gani. Katika faili nyingi kinachohitajika kwanza ni kalamu, kisha godoro. Kipaza sauti kipya kinaweza kusubiri. Tumechagua barua saba. Majina ya waandishi na ya podikasti zao tumeyaacha.

Watu wanaondoka kabla ya dakika moja

*Wahariri, salaam. Nina podikasti ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Watu wanaifungua, lakini takwimu zinaonyesha wengi wanaondoka ndani ya dakika ya kwanza. Naanza na muziki wa sekunde 15, kisha nasema: "Habari za asubuhi mpendwa msikilizaji popote pale ulipo, iwe ni nyumbani, kazini au safarini. Ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya. Kwa upande wangu mimi namshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa majina naitwa (jina), na hii ni podikasti ambayo inajihusisha na masuala mazima ya ufugaji wa kuku. Katika kipindi chetu cha leo tutakwenda kuzungumzia kuhusiana na suala zima la ugonjwa wa mdondo, ambao ni ugonjwa ambao umekuwa ukiwasumbua wafugaji wengi. Lakini kabla hatujaanza, naomba usisahau kujiunga, kupenda, kutoa maoni na kuwashirikisha wenzako. Basi bila kupoteza muda, twende moja kwa moja kwenye mada yetu." Nikate wapi? – Mfugaji, Morogoro*

Ndugu mfugaji, tumehesabu. Maneno yako ni 92, na neno "mdondo", ambalo ndilo lililomfanya mtu abonyeze, ni la 61. Ukisoma kwa utulivu, maneno 60 huchukua kama sekunde 30. Ongeza na muziki wako wa sekunde 15: msikilizaji anangoja sekunde 45 kusikia jambo ambalo ameshalisoma kwenye kichwa cha kipindi.

Mtindo huu umetoka redioni, na huko una sababu yake. Mtu anawasha redio kipindi kikiwa katikati. Hajui ni stesheni gani wala nani anazungumza, kwa hiyo mtangazaji humsalimu na kumtambulisha kila wakati. Msikilizaji wa podikasti ameona jina, picha na kichwa, ndipo akabonyeza. Yuko ndani tayari. Tena huenda anakusikiliza saa nne usiku akiosha vyombo, hivyo "habari za asubuhi" inamwambia kwamba huzungumzi naye.

Hatusemi uache salamu. Kwetu asiyesalimu amekosa adabu, na sikio la Mswahili hulitambua hilo haraka. Tunasema salamu iwe moja, fupi, na ije baada ya kionjo cha kipindi. Kionjo ni sentensi mbili tatu zinazomweka msikilizaji ndani ya jambo lenyewe.

Sasa chukua kalamu. "Masuala mazima ya ufugaji" ni ufugaji. "Tutakwenda kuzungumzia kuhusiana na suala zima la ugonjwa wa mdondo" ni "leo ni mdondo": maneno kumi yamekuwa matatu na hakuna kilichopotea. "Ambao ni ugonjwa ambao" futa yote. Ombi la kujiunga peleka mwisho wa kipindi, au walau baada ya jambo la kwanza lenye faida, kwa sababu mtu hawezi kukushukuru kwa chakula ambacho hajakionja. Na "bila kupoteza muda" inapotamkwa, muda umeshapita, iondoe.

Tumejaribu hivi:

"Jioni umefunga banda, kuku wote wazima. Asubuhi watano wako chini, shingo zimepinda. (nyamaza sekunde moja) Huo ni mdondo, na ukishaingia bandani hauna dawa. Kinga yake ni chanjo: tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Leo daktari wa mifugo anatueleza jinsi ya kuisafirisha chanjo hiyo bila kuharibika, na kosa moja linalofanya kuku waliochanjwa wafe vilevile. Habari yako. Mimi ni (jina), karibu bandani."

Haya yanasomeka kwa kama nusu dakika. Angalia tulichoacha wazi: kosa lenyewe hatukulitaja. Kionjo kikitoa jibu, mtu ameshiba, anaondoka. Angalia pia shingo zilizopinda. Mfugaji yeyote aliyewahi kupigwa na mdondo ameiona picha hiyo, na asiyewahi kuiona anaiona sasa. "Ugonjwa unaosumbua wafugaji wengi" haumwonyeshi mtu kitu.

Muziki wa sekunde 15 upunguze uwe 4. Na utangulizi uandike mwisho, baada ya kuhariri kipindi kizima, maana hapo ndipo unapojua dakika gani ina uzito. Ukishauandika, fanya jaribio hili: futa sentensi ya kwanza, soma zilizobaki kwa sauti. Kama hakuna kilichopungua, futa na ya pili. Mara nyingi mwanzo wa kweli umejificha kwenye sentensi ya tatu au ya nne. Kisha msomee mtu asiyefuga kuku, mara moja tu, umwulize kipindi kinahusu nini. Akisema "kuku", bado una kazi. Akisema "kwa nini chanjo inashindwa", umemaliza.

Nasikika kama nasoma taarifa ya habari

*Wahariri, hamjambo. Nafundisha historia na nimeanza podikasti kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Nikizungumza bila karatasi niko sawa, lakini utangulizi nikiusoma wanafunzi wananiambia nimekuwa mtu mwingine. Naanza hivi: "Vita vya Maji Maji ambavyo vilipiganwa kati ya mwaka 1905 hadi mwaka 1907 ni miongoni mwa matukio ambayo yana umuhimu mkubwa sana katika historia ya nchi yetu." – Mwalimu, Iringa*

Mwalimu, sentensi hiyo ina silabi zaidi ya 80. Miaka miwili hiyo peke yake, ikitamkwa kwa kirefu, inakula silabi 22. Pumzi moja ya msomaji asiye na haraka hubeba silabi 25 hadi 30. Kwa hiyo unafika "1905" pumzi imekwisha, unavuta hewa mahali pasipo na kituo, na sauti inapanda juu kutafuta mwisho. Wanafunzi wako wanasikia hilo, hata kama hawajui kulieleza.

Tuchukue tukio lenyewe: "Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu waliingia shambani na kung'oa pamba. Ilikuwa pamba waliyolazimishwa kulima. Wajerumani wakajibu kwa bunduki, na vita vikaenea hadi Songea." Kila sentensi ina kitendo, na kila moja unaitamka kwa pumzi moja, au mbili ukipumzika penye mkato. Ule "umuhimu mkubwa sana" haupo tena, na mwanafunzi ameuona mwenyewe.

"Amba-" ni rafiki wa maandishi na adui wa mdomo. Kila unapoliona kwenye mswada, jaribu kulivunja: "vita ambavyo vilipiganwa" ni "vita vilivyopiganwa", na mara nyingi hata hilo halihitajiki. Jambo jingine ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukilipigia kelele neno moja kusudi lisikike, linasikika kigeni. Sisi hukazia kwa mpangilio wa maneno na kwa "ndi-": "Pamba ndiyo waliyoing'oa kwanza." Andika mkazo ndani ya sentensi, usiuache kooni.

Wakati wa kurekodi, chapa mswada kwa maandishi makubwa, mistari ikiwa na nafasi kati yake. Weka mkwaju mmoja (/) penye pumzi fupi na miwili (//) penye kituo cha sekunde nzima. Simama, ukikaa umejikunja, tumbo linabana pumzi. Rekodi utangulizi baada ya kumaliza kipindi kizima, koo likiwa limepata moto na ukiwa bado katika hali ya kuzungumza. Soma mara nne mfululizo bila kusimamisha kurekodi. Ya kwanza huwa ya woga. Nzuri huwa ya pili au ya tatu.

Ukikosea neno moja, rudia sentensi nzima tangu mwanzo wake, palepale. Ukiligundua kosa kesho yake, usibandike kiraka cha neno moja: umbali wako na kipaza sauti umebadilika, sauti ya asubuhi ni nzito kuliko ya jioni, na kiraka kitasikika kama kiraka cha suruali. Utangulizi ni nusu dakika tu, urekodi wote upya.

Nimenunua kipaza sauti kizuri, mwangwi umezidi

*Nawasalimu. Nilikuwa nikirekodi kwa simu. Nikaambiwa ninunue kipaza sauti cha kondensa cha USB, nikanunua. Sasa nasikika kama niko msalani. Chumba kina sakafu ya vigae na dirisha kubwa, nimebandika trei za mayai ukutani nyuma ya meza, kipaza sauti kiko mezani mbele ya kompyuta. – Msikilizaji na mtangazaji, Mombasa*

Hapa kuna makosa matatu yaliyokaa pamoja, na kipaza sauti hakimo.

La kwanza ni umbali. Sauti yako ikienda mbali mara mbili zaidi kabla ya kufika kwenye kipaza sauti, inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwangwi wa chumba haupungui, kwa kuwa uko kila mahali. Ukikaa sentimita 60, kama unavyokaa ukichapa kompyuta, kipaza sauti kinapata wewe kidogo na chumba kingi. Kisha unapandisha geini, yaani nguvu ya kukuza sauti inayoingia, ili usikike, na chumba kinapanda pamoja nawe. Sogea. Kwa kondensa, inayosikia hata sauti ndogo, kaa shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Kwa kile kiitwacho dainamiki, kisichosikia sana sauti za mbali, ngumi moja inatosha, sentimita 10 hivi. Kisha shusha geini hadi sauti yako ya juu kabisa iguse kati ya -12 na -6 kwenye kipimo. Ikigonga 0 inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi kuwa nzima kwa programu yoyote.

Angalia pia unazungumzia upande gani. Kondensa nyingi za mezani husikia kutoka ubavuni, upande wenye nembo, na si kichwani. Anayezizungumzia kama maiki ya mshereheshaji wa harusi anaongea na upande usiosikia.

La pili ni trei za mayai. Ni karatasi nyepesi. Zinatawanya kidogo sauti kali za juu, lakini sauti ya mtu zinaipitisha hadi ukutani nayo inarudi. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini: godoro, blanketi nzito iliyokunjwa mara mbili, kabati lililojaa nguo huku milango ikiwa wazi. Kanga moja juu ya ukuta haitoshi. Kanga kumi zilizokunjwa juu ya kamba zinaanza kusaidia.

La tatu ndilo wengi hulikosea. Umevalisha ukuta ulio nyuma ya kipaza sauti. Lakini kipaza sauti chako kinatazama upande wako, na kinachosikika zaidi baada ya wewe ni ukuta ulio nyuma yako. Simamisha godoro mgongoni pako, nusu mita hivi. Tandika mkeka mzito au zulia juu ya vigae, pazia nene dirishani, na blanketi juu ya meza, maana meza tupu nayo inarudisha sauti moja kwa moja. Piga kofi moja kabla na kofi moja baada. Kabla utasikia mlio mfupi wa chuma ukifuata. Baada, kofi linakufa papo hapo. Mlio ukibaki, tafuta ukuta ambao haujavaa.

Unene wa kuta za mawe za majumba ya zamani hausaidii kwa mwangwi. Kuta hizo huzuia kelele za nje, jambo jema, lakini ndani ni ngumu kama vigae.

Zima pangaboi na kiyoyozi kwa nusu dakika hiyo, jasho halirekodiki. Kabla ya kusema lolote, rekodi sekunde 10 za kimya cha chumba. Kimya hicho utakitumia kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: kichague, nenda kwenye Noise Reduction, chukua sampuli, kisha chagua rekodi nzima na upunguze desibeli 6 hadi 9. Ukivuka 12, sauti huanza kutetemeka kama inatoka ndani ya mtungi. Kelele kidogo ya chumba msikilizaji huisahau; sauti ya mtungini haisahauliki.

Ukishindwa kabisa, ingia garini. Gari lililoegeshwa kivulini, injini imezimwa, vioo vimefungwa, lina viti laini vinavyomeza sauti. Kwa utangulizi wa sekunde 30 ni studio inayotosha.

Maiki ya shati haisikii kwenye kompyuta

*Sasa wahariri. Nina maiki ndogo ya kubana kwenye shati, yenye waya. Kwa simu inafanya vizuri sana. Nikiichomeka kwa laptop sauti iko mbali na kuna mvumo. Imeharibika? – Nairobi*

Tazama ncha yake. Ikiwa na pete nyeusi tatu, imetengenezwa kwa tundu la simu, linalobeba maiki na spika pamoja. Ikiwa na mbili, ni ya kamera au ya tundu la maiki pekee. Kompyuta zenye matundu mawili, moja la maiki na moja la kusikilizia, hazielewani na ncha ya pete tatu. Unahitaji kigawanyio kidogo cha waya, cha bei nafuu. Maiki nyingi za aina hii zina pia swichi ya simu na kamera, na upande wa kamera hutumia betri ndogo ya duara. Betri ikiisha, kimya.

Sasa kwaruza maiki kwa ukucha huku ukirekodi. Ukisikia mkwaruzo mkubwa, inafanya kazi. Ukisikia mkwaruzo wa mbali, laptop inarekodi kwa maiki yake ya ndani. Nenda kwenye mipangilio uchague ile ya nje. Kuhusu mvumo, chomoa chaja. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na chaja isiyo na waya wa ardhini huuingiza ndani ya rekodi. Kama kwa simu ni sawa, basi rekodi kwa simu, ukiiweka kwenye hali ya ndegeni ili mtandao usiingize milio yake, kisha ihamishe faili kwa waya. Usijitumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani huko hubanwa sana. Ukilazimika, itume kama hati.

P inapuliza

*Kila nikisema "podikasti" kunasikika kishindo kama upepo. Nimeweka sponji, kimepungua lakini kipo. – Tanga*

Wenyeji wa pwani mnaijua siri hii kuliko mtu yeyote. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "paa" la nyumba, kisha useme "paa" mnyama wa porini. Wa porini anapuliza kiganja, la nyumba halipulizi. Ni pumzi hiyo ya paa wa porini inayogonga kipaza sauti. B yetu hairushi hewa namna hiyo, ndiyo maana "karibu" haikusumbui na "podikasti", hasa ikitamkwa kwa bidii ya ufunguzi, inakusumbua.

Dawa ya kwanza ni kukaa pembeni. Kiache kipaza sauti kikuelekee mdomoni, lakini wewe zungumza ukielekeza pumzi kando yake, kwa pembe ya digrii 30 hadi 45. Pumzi huenda mbele moja kwa moja, sauti husambaa. Utaikosesha pumzi njia bila kuipoteza sauti. Dawa ya pili ni kichujio cha kitambaa. Pinda waya wa hanga uwe duara, vuta juu yake soksi ya nailoni iwe tabaka mbili, uuweke kati ya mdomo na kipaza sauti, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye kipaza sauti. Ukikigusanisha nacho, hewa haipati nafasi ya kutawanyika na hujafanya kitu. Sponji yako inashindwa kwa sababu hiyohiyo.

Dawa ya tatu iko kwenye mswada na ni ya bure. Usianze na P. "Podikasti hii" ifanye "Kipindi hiki". Vivyo hivyo kama S zinakukata masikio: "Msikilizaji wa siku zote, sikiliza sasa" ni sentensi ya kuandikwa upya kabla ya kutafutiwa programu. Rekodi ya zamani yenye kishindo unaweza kuisaidia kwa kukata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hadi 100, ukichagua silabi ile tu.

Chai ya maziwa muda mfupi kabla ya kurekodi huacha ulimi ukinata, na minato hiyo inasikika. Kunywa maji ya kawaida.

Muziki unashtua, mimi sisikiki

*Nimeweka muziki na sauti yangu vyote kwenye kilele cha -1 dB (desibeli) ndani ya Audacity. Mbona muziki unafokea watu, kisha wanalazimika kuongeza sauti ili wanisikie? – Dodoma*

Kwa sababu umepima kilele, na sikio halipimi kilele. Kilele ni ule mchomo mmoja ulio mrefu kuliko yote. Sauti ya mtu ina michomo michache na mabonde mengi katikati yake. Muziki uliotoka studio umeshabanwa, umejaa toka mwanzo hadi mwisho kama gunia lililoshindiliwa. Vilele vinalingana, ujazo haulingani. Kinachopima ujazo jinsi sikio linavyousikia ni LUFS. Apple wanapendekeza podikasti iwe -16 LUFS, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 1, na kilele kisipite -1 dB. Spotify wanapendekeza -14. Tunakushauri ushike -16, itakaa vizuri kote.

Fanya kazi kwa mpangilio huu, kwa kuwa ukiubadilisha matokeo nayo yanabadilika. Weka sauti na muziki kwenye njia mbili tofauti. Kwenye sauti, kata kwanza yaliyo chini ya hezi 80 kwa High-Pass Filter. Kisha kompresa, inayobana sauti zilizo kubwa mno, uwiano wa 3 kwa 1, ukishusha kizingiti (kiwango inapoanzia kubana) mpaka ione vilele tu na kuvipunguza desibeli 3 hadi 6. Ikibana muda wote, pumzi zako zitasikika kubwa kama maneno. Sasa sikiliza sauti peke yake. Ikisimama sawa, ndipo ulete muziki.

Muziki ucheze peke yake sekunde 3 au 4. Nusu sekunde kabla hujafungua mdomo, uwe umeshuka. Ushuke kiasi gani? Uwe desibeli 18 hivi chini ya sauti yako. Wengi huishia 10, kwa sababu wao wanayajua maneno na masikio yao yanayajazia, msikilizaji hayajui. Uondoe polepole, kwa sekunde 3, uwe umekwisha unapofika kwenye salamu. Zumari na filimbi hukaa kwenye masafa yaleyale yanayobeba konsonanti zako, kwa hiyo hugombana nawe hata zikiwa chini. Ngoma nyepesi au gitaa la besi halikuingilii.

Mwisho kabisa, changanya vyote, kisha tumia Loudness Normalization kwa kipindi kizima, utangulizi ukiwa ndani yake. Badilisha -23 unayoikuta iwe -16. Kama faili ni ya mono, yaani ya njia moja, hakikisha kisanduku cha kuihesabu mono kama njia mbili kina alama. Kisipokuwa nayo, faili itatoka na desibeli 3 zaidi ya ulivyokusudia. Baada ya hapo pitisha kilimita, kinachozuia vilele visivuke mpaka, kwenye -1.

Kisha sikiliza kwa spika ya simu, ukiwa umeiweka mbali nawe jikoni huku maji yanatiririka. Ukikosa neno hata moja la sentensi ya kwanza, shusha muziki tena.

Sekunde saba za wimbo

*Ningependa kuanza na kipande cha taarabu ya zamani. Nimeambiwa chini ya sekunde 7 hakuna tatizo. Ni kweli? – Unguja*

Si kweli, hakuna idadi ya sekunde inayokupa ruhusa. Kipande hicho kina haki mbili, ya waliotunga na ya waliorekodi, na unahitaji kibali cha pande zote mbili, kwa maandishi. Pa kuanzia kuuliza ni ofisi za hakimiliki: Zanzibar ni COSOZA, Bara ni COSOTA, na Kenya ni KECOBO. Majukwaa nayo hutambua rekodi kwa mashine, na kipindi kinaweza kuondolewa miezi mingi baada ya kukitoa.

Kwa Unguja kuna njia nzuri zaidi. Wapo wapiga ganuni na udi, wakiwemo wanaosoma na waliopitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Mwombe mmoja akupigie sekunde 20 za ubunifu wake mwenyewe, umlipe, na mwandikiane: nani ametunga, umelipa kiasi gani, unaruhusiwa kutumia kwenye podikasti na matangazo yake, kwa muda gani, majukwaa gani. Mwombe sauti ya mwisho aiache ife yenyewe bila kuizima kwa kiganja, kwani mkia huo ndio utakaoshukia chini ya maneno yako. Na akiwa bado ameketi, ganuni haijabadilishwa sauti, akupigie pia kipande cha sekunde 5 cha kufungia kipindi.